Moto Ukizuka Usiku, Watoto Mnawatoaje? Maswali Ambayo Wazazi Huuliza Mara kwa Mara

Haya ni maswali ambayo wazazi wenye watoto wadogo huuliza kila mazungumzo ya moto yanapoanza, iwe kwenye kikao cha shule au barazani jioni. Majibu yanawalenga watu wanaoishi katika nyumba zetu hizi: tofali za saruji, bati juu, grili madirishani, kufuli mlangoni. Ushauri mwingi wa moto ulioko mtandaoni umeandikwa kwa ajili ya nyumba ambazo dirisha unalisukuma linafunguka. Sisi tumejenga kwa kumwogopa mwizi, na chuma kinachomzuia mwizi kuingia ndicho kinachomzuia mtoto kutoka. Ndiyo maana humu habari za funguo ni nyingi kuliko habari za maji.

Madirisha yetu yote yana grili. Tutatokea wapi?

Kwa hali ilivyo sasa, mlangoni tu. Moto ukiwa upande wa mlango, hamna pa kutokea. Jambo hili lilishaua watoto wengi Afrika Mashariki. Machi 2001, katika shule ya sekondari ya Kyanguli, Machakos, wanafunzi 67 waliteketea bwenini. Mlango mmoja ulikuwa na kufuli na madirisha yalikuwa na nondo. Miaka mitatu kabla, Machi 1998, wasichana 26 walikufa kule Bombolulu, Kwale, katika mazingira kama hayo hayo. Yale yalikuwa mabweni, lakini chumba cha watoto chenye grili ya kuchomelea ni bweni dogo.

Si lazima ung'oe grili zote. Chagua dirisha moja, hasa la chumba wanacholala watoto, umwite fundi wa kuchomelea. Akate kipande cha grili, akitie bawaba kifungukie nje kama mlango mdogo, aweke na komeo kwa ndani. Kipimo ni mtu mnene kuliko wote hapo nyumbani: mabega yake yapite. Komeo likae pembeni ambako mkono wa mtu aliye nje haufiki.

Angalieni na kioo. Madirisha ya aluminiamu ya kusukuma hufunguka nusu tu, kwa hiyo kipande cha grili kikatwe upande ule ule ambao kioo kinafunguka. Linaonekana ni jambo dogo, lakini fundi akiachwa peke yake hukata panapomrahisishia kazi. Kisha tazameni chini ya dirisha, nje. Kama kuna rundo la matofali, miba ya michongoma au shimo lisilo na mfuniko, lishughulikieni hilo kwanza. Walio karibu na bahari wapake bawaba mafuta mara kwa mara, maana chumvi haina huruma na chuma.

Mume wangu anasema komeo peke yake ni kuwakaribisha wezi. Tukiweka kufuli je?

Wekeni, ila ufunguo uwe na makao. Msumari ukutani karibu na dirisha, usawa wa kifua cha mtu mzima, mbali kiasi kwamba mtu aliye nje na fimbo yake haufikii. (Wezi wa madirishani wana ufundi wao na fimbo, waliowahi kuvuliwa suruali kutoka kwenye kiti wanaelewa.) Ufunguo huo hautembei: hauendi kwenye pochi wala kwenye mkungu wa funguo za baba. Ukipotea, kuchongesha mwingine ni kazi ya siku hiyo hiyo.

Na mlango mkubwa vivyo hivyo. Nyumba nyingi usiku hufungwa kitasa, komeo mbili na kufuli ya grili ya nje, halafu ufunguo uko chini ya mto wa mtu mmoja. Moshi ukishajaa hakuna anayekumbuka uko chini ya mto upi. Na geti la uzio je? Mtatoka ndani mkutane na ukuta wa futi nane wenye vipande vya chupa juu. Ufunguo wa geti ufungwe kamba moja na wa mlango, ukae msumari mmoja, kila mkubwa wa nyumba aujue hata gizani.

Nikitoka mara moja kwenda dukani huwa nawafungia watoto ndani ili wasitoke barabarani. Kuna ubaya?

Upo, tena mkubwa kuliko wa barabarani. Mtoto aliyefungiwa kwa nje hana mpango wowote unaoweza kumsaidia, hata awe amefundishwa vipi. Hatoki, jirani haingii, na wewe uko foleni ya unga. Nenda nao, au mwachie jirani mtoto pamoja na ufunguo. Kama hakuna namna kabisa, unga utanunuliwa baadaye.

Moto ukianza tuna muda gani?

Mdogo kuliko mnavyodhani. Wataalamu wa zimamoto Marekani huwaambia watu wajipange kutoka chini ya dakika mbili baada ya king'ora cha moshi kulia. Wengi wetu hatuna king'ora, kwa hiyo tunashtuka moshi ukiwa umeshaingia chumbani, yaani sehemu ya muda huo imeshakwisha.

Wanaokufa kwenye moto wa nyumba, wengi huuawa na moshi kabla mwali haujawafikia. Magodoro ya sponji na makochi yakiungua hutoa hewa za sumu zinazomlegeza mtu haraka, na aliyelala anaweza asiamke kabisa. Moshi wa moto hupanda juu, hivyo hewa nafuu iko karibu na sakafu. Hapo ndipo amri ya kutambaa inapotoka, na bahati nzuri watoto wadogo ndio mabingwa wa kutambaa.

Usiku milango ya vyumba ifungwe au iachwe wazi?

Kwa upande wa moto, ifungwe. Mlango uliofungwa huzuia moshi na joto kwa dakika kadhaa za thamani, hata kama ni wa mbao za kawaida. Lakini Dar, Tanga au Mombasa mwezi wa pili, kumwambia mtu afunge mlango wa chumba chenye watoto watatu na feni moja ni kumtania. Basi angalau fungeni mlango wa jikoni na wa sebuleni, kule kwenye gesi, friji, televisheni na waya nyingi. Anayeweza kufunga vyote na afunge. Kufunga huku ni kurudishia tu, bila ufunguo.

Mtoto wa miaka mitatu ataelewa nini? Si nitamtisha bure?

Anaelewa mengi, mradi afundishwe kwa vitendo. Mtoto mdogo akiona moto hujificha: uvunguni, kabatini, nyuma ya pazia. Kwake mahali asipoonekana ndipo penye usalama, tena kama kiberiti alikichezea yeye, anaogopa pia kuchapwa. Waokoaji hupoteza muda wakiita mtoto ambaye yuko uvunguni amenyamaza. Kwa hiyo somo la kwanza ni hili: moto hatujifichi, moto tunatoka nje, na hakuna atakayechapwa siku hiyo, hata aliyeuwasha. Mwambie hivyo waziwazi, kwa maneno hayo hayo, na utimize.

Somo la pili ni kutambaa. Shikeni kanga wawili, huku na huku, usawa wa kiuno, mseme huo ni moshi. Watoto wapite chini bila kuigusa hadi mlangoni. Watataka kurudia mpaka mchoke nyinyi.

La tatu ni kuitika. Kila mtoto ajue kwamba akisikia "Moto! Njoo mlangoni!" anaitika kwa sauti na kuja, hata kama anaangalia katuni. Tumieni maneno hayo hayo kila mara, yasibadilike.

Wale wa miaka mitano na kuendelea wanaweza kufundishwa kupapasa mlango kwa mgongo wa mkono kabla ya kuufungua. Ukiwa wa moto, haufunguliwi. Wanaweza pia kukariri jina la mtaa na namba ya simu ya mzazi. Mkipata nafasi ya kuwaonyesha askari wa zimamoto akiwa amevaa kofia na barakoa yake ya hewa, hata kwenye picha, msiiache. Mtu wa namna hiyo akitokea kwenye moshi, mtoto asiyemjua humkimbia.

Nina watoto watatu na usiku nabaki peke yangu nao. Naanza na nani?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote, na lijibiwe mchana ukiwa umetulia. Usiku ule akili haitakuwa na nafasi ya kupima.

Njia nzuri ni kuzuia lisitokee: siku ambazo mkubwa ni wewe peke yako, laleni wote chumba kimoja, kile chenye dirisha linalofunguka. Godoro chini linatosha. Mkilala pamoja, kazi inabaki kutoka. Hakuna tena kutafutana vyumbani.

Mnapotoka, mtoto mchanga unambeba wewe, umemkumbatia kifuani huku umeinama. Anayetembea lakini mdogo anashikwa mkono. Aliye mkubwa kidogo anashika nguo yako kwa nyuma na haiachii. Wengine wanauliza kuhusu mbeleko. Kanga ikae karibu na kitanda kila usiku, ila kama moshi umeshaingia usisimame kumfunga mtoto mgongoni. Kule juu ndiko kwenye moshi, na wewe hutamwona. Mkumbatie, toka, mbeleko utaifungia nje. Kama hakuna moshi chumbani na unajua unafunga kwa haraka, ifunge, upate mikono miwili ya kushika wengine.

Ikibidi kutokea dirishani, mkubwa anayeweza kujishusha ndiye atangulie ili awapokee wadogo, lakini hapo tu ambapo mzazi anabaki ndani kuwatoa. Ukiwa peke yako, usitangulie kutoka ukamwacha ndani wa miaka miwili ukitegemea atakufuata, hatakufuata. Mtoe mkubwa wao kwanza, apokee wadogo mmoja mmoja, wewe umalizie.

Nikiwa nje nikagundua mmoja bado yuko ndani?

Hakuna mzazi atakayekubali jibu hili kwa moyo mweupe, lakini ndilo: usirudi kwenye moshi. Wapo waliorudi wasitoke tena, na walioko nje wakabaki bila mzazi. Fanya yanayowezekana ukiwa nje: zunguka hadi dirisha la chumba alichomo, piga kelele jina lake, fungua grili kwa nje kama inafunguka, waite majirani wenye nyundo na mtarimbo, mwambie wa zimamoto chumba gani hasa. Kuhesabiana kunasaidia hapa. Chagueni mahali pa kukutana nje ya geti, mwembe wa jirani au nguzo ya umeme iliyo mbali kidogo na nyumba, na kila mtu aende hapo moja kwa moja. Kuna watu wameungua wakimtafuta mtoto aliyekuwa tayari kwa jirani anakunywa maji.

Dada wa kazi naye ahusishwe?

Yeye ndiye wa kwanza. Mchana mko kazini, na yeye ndiye anayebaki na jiko na watoto. Ajue funguo zilipo, ajue kufunga gesi mtungini, awe na simu yenye salio na namba za majirani wawili. Na aambiwe mbele ya watoto kwamba moto ukitokea hana deni la televisheni wala sufuria: awatoe watoto, basi. Binti wa miaka kumi na minane anayeogopa kukatwa mshahara anaweza kubaki ndani kuokoa kapeti.

Tumepanga chumba kimoja kwenye nyumba yenye korido, wapangaji sita. Mpango gani hapo?

Mpango wa nyumba nzima, maana mlango wenu wa kutokea ni wa watu wote. Kaeni kikao kimoja uani, muda ule watu wanasubiri maji. Mambo ya kukubaliana ni mawili tu.

Kwanza, korido. Usiku korido zetu hugeuka stoo: madumu, majiko, baiskeli, na siku hizi pikipiki inayoingizwa ndani kwa hofu ya kuibwa. Pikipiki hiyo ina petroli kwenye tangi, na imeziba njia pekee ya watoto wote humo ndani. Ifungwe mnyororo uani au kwenye nguzo ya baraza. Mwenye nayo atalalamika; mwulizeni yeye analala chumba cha ngapi kutoka mlangoni.

Pili, mlango wa mbele na wa uani: nani anafunga, na funguo ziko wapi. Milango yote miwili iweze kufunguliwa kwa ndani na mpangaji yeyote, saa yoyote.

Tuko ghorofa ya nne.

Ngazi, si lifti. Lifti inaweza kukwama au kufungukia kwenye moto. Kama ngazi zimejaa moshi, rudini ndani, fungeni mlango, zibeni upenyo wa chini kwa taulo iliyoloweshwa, nendeni chumba chenye dirisha au roshani upande wa barabara, mpige simu na kupunga shuka. Msimrushe mtoto. Na leo hii mkague mlango wa ngazi za dharura, kama jengo linazo: mara nyingi una kufuli, au nyuma yake mlinzi ameweka kitanda.

Gesi ikinuka usiku, nifanye nini kwanza?

Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hutulia chini sakafuni, pale pale mtoto anapotambaa na mnapotandika godoro. Usiwashe taa, na kama imewaka usiizime. Cheche ya swichi inatosha. Usipige simu humo ndani. Funga mtungi, fungua milango na madirisha, toka na watoto, piga simu ukiwa nje. Kukagua kama mpira unavuja ni kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti. Mtungi ukikaa nje ya ukuta, mpira ukapita kwenye tundu, mmepunguza hatari kubwa kwa gharama ndogo.

Umeme ukikatika tunatumia mshumaa, na bibi anapenda kufukiza udi chumbani kwa mama aliyejifungua. Tuache?

Mshumaa na koroboi, ndiyo, achaneni navyo chumba chenye chandarua. Taa ndogo ya sola inafanya kazi hiyo. Chandarua hushika moto haraka, na dawa ya mbu ya kuchoma iliyowekwa chini ya kitanda karibu na shuka imeshaanzisha mioto mingi. Chetezo cha bibi kikae sebuleni, juu ya sinia, na kizimwe kabla ya kulala.

Jiko la mkaa lisilale ndani na watu, hata kama Njombe au Limuru baridi inakata mfupa. Hewa yake ya sumu haina harufu wala rangi, inaua bila hata mwali mmoja kuonekana.

Kitambua moshi kinafaa kwenye nyumba zetu?

Kinafaa sana. Kiwekwe darini karibu na vyumba vya kulala, si juu ya jiko, la sivyo kitalia kila mkikaanga samaki na mtakitoa betri. Kijaribuni kila mwezi kwa kubonyeza kitufe chake, na kikitimiza miaka 10 kibadilishwe. Ila msitegemee kitawaamsha watoto. Majaribio ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Dundee, Uskoti, yalionyesha watoto wengi wakiendelea kulala huku king'ora kinalia. King'ora ni cha kumwamsha mzazi. Mzazi ndiye anayemwamsha mtoto.

Nikiwa na mtungi wa kuzimia moto nipambane au nikimbie?

Watoto watoke kwanza. Halafu, kama moto bado ni mdogo, mgongo wako uko upande wa mlango na unajua kuutumia, jaribu. Ukishindwa mara moja, toka. Mafuta yakiwaka kwenye karai usimwagie maji, yataruka na moto wake. Zima jiko kama unalifikia, funika kwa mfuniko. Moto wa umeme, zima swichi kuu kwanza kama unaifikia salama.

Nguo ya mtoto ikishika moto?

Mlaze, mviringishe sakafuni au mfunike kwa blanketi nzito. Asikimbie. Kisha palipoungua pamwagiwe maji ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, huku mkitafuta usafiri wa hospitali. Dawa ya meno, ute wa yai, unga wa ngano na mafuta ya taa visikaribie kidonda, shangazi aseme asemavyo.

Namba gani tupige?

Tanzania, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Kenya ni 999 au 112. Mitaa yetu mingi haina namba za nyumba zinazoonekana, kwa hiyo taja msikiti, kanisa, shule au baa inayojulikana, kisha mtume mtu mwenye tochi barabara kuu alielekeze gari. Waambie kama kuna watoto ndani, na njia ni nyembamba kiasi gani.

Mazoezi mara ngapi?

Mara mbili kwa mwaka inatosha kwa wakubwa. Watoto wadogo husahau, wao kila miezi miwili mitatu. Anzeni mchana. Kisha fanyeni moja baada ya magharibi, taa zote zimezimwa, hapo ndipo mtakapojua kitasa kinachokwama na stuli iliyo njiani. Pimeni muda kwa simu.

Desemba tunakwenda kijijini kwa bibi. Huko nako?

Huko zaidi, maana mnalala watoto wanane chumba kimoja na hamjui nyumba. Kama paa ni la makuti au nyasi, hesabuni muda mfupi zaidi: huwaka haraka na kuanguka ndani. Jiko lisiwake chini ya paa hilo upepo ukiwa mkali. Jioni ya kwanza, kabla hamjatandika mikeka, mwulize bibi kwa heshima: "Bibi, mlango wa uani unafunguliwaje usiku, na ufunguo uko wapi?" Kisha wapitisheni watoto mlango huo mara moja, wakiwa wanakwenda kunawa miguu.